Kabla Ghala Halijawa Mkahawa

Ukipita barabara za kati za kisiwa cha Mombasa utaona jinsi majengo ya biashara yanavyobadilika kazi. Duka la vitambaa linafungwa, mlango unabaki na kufuli miezi mizima. Ofisi ya mawakala wa meli inahama, orofa ya chini inatafutiwa mpangaji. Ghala lililokuwa likijaa magunia sasa lina popo. Na mara nyingi anayekuja kuulizia nafasi ile ni mtu mwenye mkono wa kupika: dada ambaye kwa miaka amekuwa akipika biriani za harusi, kijana aliyechoka kuchoma mishikaki kando ya barabara, mume na mke waliorudi kutoka Ghuba na akiba yao. Jengo ni zuri, dari iko juu, kuta ni nene, kodi inalipika. Anaona viti vimeshapangwa.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajatoa shilingi. Nitazungumzia Kenya, na hasa Mombasa, kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini aliye Kisumu au Nakuru atakuta sheria ni ile ile.

Kaunti haiulizi kama chakula chako ni kitamu, wala kama una akili ya biashara. Inauliza kama jengo lile, kwenye barabara ile, linaweza kubeba jiko la kupikia watu wengi bila kuwaumiza walio jirani. Moshi utatokea wapi? Maji machafu yataingia wapi? Kelele zitaishia saa ngapi? Magari yatasimama wapi? Mwenye majibu ya maswali haya kabla ya kutia sahihi mkataba wa pango ameshafanya sehemu kubwa ya kazi. Anayetia sahihi kwanza na kuuliza baadaye hujikuta akilipia kila mwezi chumba ambacho haruhusiwi kuwasha jiko ndani yake.

Wengi hudhani ruhusa ya mipango ni ya anayejenga. Mimi sigongi hata tofali, mtu husema, kwa nini niombe? Jibu limo katika Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi ya Ardhi, nambari 13 ya mwaka 2019. Sheria hiyo inahesabu kuwa ni uendelezaji si ujenzi peke yake, bali pia kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo lililokwishasimama. Ghala likiwa mkahawa, matumizi yamebadilika, hata kama hukugusa ukuta. Anayeendeleza bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili.

Na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti mipango ya ardhi, leseni za wauza chakula, leseni za vileo, zimamoto, na udhibiti wa kelele na uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo mwombaji anaona mlango mmoja ulioandikwa Kaunti na kudhani ndani yake kuna uamuzi mmoja. Ndani kuna meza nyingi, na kila meza inaangalia jambo lake. Dawati la leseni ya biashara linaweza kupokea pesa zako na kukupa karatasi yenye muhuri bila kuuliza kama idara ya mipango imekubali mahali hapo papikwe. Leseni ile haiponyi kukosekana kwa ruhusa. Siku mambo yakiharibika, afisa wa mipango hataitazama leseni yako ya biashara. Atauliza ruhusa ya kubadili matumizi iko wapi.

Anza na hatimiliki. Mwombe mwenye nyumba nakala, na kama ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, soma masharti ya matumizi yaliyoandikwa humo. Yako yanayosema maduka na ofisi, yako yanayosema ghala, yako yanayoruhusu biashara kwa jumla. Waziri wa kaunti anayehusika na mipango anapoamua ombi, sheria inamtaka ayazingatie masharti hayo pamoja na mpango uliopitishwa wa eneo, afya na raha ya jamii, maoni ya idara nyingine na maoni ya wananchi. Usikisie kwamba kwa kuwa jirani ana hoteli basi na wewe unaruhusiwa. Huenda jirani alipata ruhusa miaka mingi nyuma, huenda hana kabisa. Iandikie idara ya mipango barua, taja nambari ya ploti, uliza matumizi yanayoruhusiwa ni yapi na kama unalotaka kufanya linahitaji ombi. Jibu la maneno ya mdomo pale kaunta halitakusaidia mbele ya mtu yeyote.

Pwani tuna mambo yetu ambayo bara hayako sana. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Anayekupangisha anaweza kuwa mwenye jengo halali kabisa, na bado mwenye ardhi akawa mtu mwingine ambaye idhini yake itahitajika. Majengo mengine, hasa Mji wa Kale, ni wakfu, na yako chini ya Tume ya Wakfu. Wakfu unafuata nia ya aliyeuweka, kwa hiyo ukipanga kuuza vileo au kupiga muziki humo, uliza mapema na kwa adabu, ujue jibu kabla ya kuota ndoto.

Sasa mkataba. Kenya tunayo sheria ya tangu mwaka 1965, Sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kulia chakula. Mkataba usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unaingia chini ya ulinzi huo: mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kwa hiari yake, ni lazima atoe notisi ya si chini ya miezi miwili kwa utaratibu uliowekwa, na wewe una haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana utaona mikataba mingi imeandikwa miaka mitano na miezi mitatu. Miezi ile mitatu haikuwekwa kwa bahati. Imewekwa ili ulinzi usikufikie. Sisemi uikatae, biashara ya chakula hutaka muda mrefu ili gharama za jiko zirudi. Nasema ujue unachotia sahihi.

Na sharti moja ulipiganie kuliko kodi yenyewe: mkataba uanze siku ruhusa ya mipango itakapotoka, au angalau uwe na kipengele kinachokuruhusu kutoka bila deni ikiwa ruhusa itakataliwa. Kama unadaiwa kilemba, au gudwili kama wengi wanavyoiita, pesa hizo zikae kwa wakili mpaka ruhusa ipatikane. Mwenye nyumba mwema atakubali, kwa sababu jengo lake litapata matumizi mapya kisheria na thamani yake itapanda. Anayekataa katakata, na huku anakuhimiza ulipe leo kwa kuwa kuna mwingine anakuja kesho, mwache huyo mwingine aje.

Katika yote yanayokwamisha ombi la mkahawa, moshi ndio wa kwanza, na ndio ambao waombaji huuandika kwa mstari mmoja tu. Jengo lililokuwa duka halikujengwa kwa ajili ya moshi. Halina chimni, madirisha yake yanatazama barabarani, na juu yake mara nyingi wanakaa watu. Jiko la kupikia wateja mia halifanani na jiko la nyumbani. Karai la mafuta linalochemka kutwa hutoa mvuke wenye mafuta, na mvuke ule hutafuta nguo za jirani zilizoanikwa, mapazia, vifua vya watoto. Feni ya ukutani inayosukuma moshi kwenye ujia haitatui jambo, inampelekea mwingine.

Kinachotakiwa ni chombo cha kunasa moshi juu ya majiko, chenye vichujio vya mafuta vinavyotolewa na kuoshwa, na bomba linalopanda hadi juu ya paa na kutoa moshi mahali hewa inapopita. Bomba hilo lipite wapi? Likipita nje ya ukuta unahitaji idhini ya mwenye jengo, na likipita mbele ya dirisha la orofa ya pili unahitaji kuzungumza na anayelala nyuma ya dirisha lile. Likipita ndani linakula nafasi na linahitaji kukingwa kwa moto, maana mafuta huganda ndani ya bomba na siku moja hushika cheche. Mchoraji wako auoneshe mlango wa kusafishia. Haya yote yawe kwenye mchoro, na kiasi ulichotenga kwa ajili yake kiwe kwenye hesabu zako tangu siku ya kwanza. Nimeona watu wakinunua viti vya mninga na kuacha bomba kuwa jambo la mwisho, na bomba ndilo linaloamua kama viti vile vitakaliwa.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine la kuangalia. Upepo wetu hubadilika. Wakati wa kaskazi moshi utakwenda upande mmoja, kusi ikiingia utakwenda upande wa pili. Ukipima kwa kuangalia Januari ukaona moshi unaelekea kwenye ukuta usio na madirisha, rudi uulize wazee wa mtaa kusi inavuma vipi pale Juni na Julai, baina ya majengo yale. Ujia mwembamba hupinda upepo kwa namna ambayo ramani haioneshi. Na kama chakula chako ni cha makaa, mishikaki au kuku wa kupaka au samaki wa kuchoma, sema wazi katika ombi. Usiandike gesi kisha ulete makaa. Wako waliopata ruhusa kwa jiko la gesi na kuipoteza kwa makaa ya jioni.

Baada ya moshi, maji. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya majitaka. Majengo yanategemea mashimo na septiki tenki. Tenki lililochimbwa kwa ajili ya makarani wanane haliwezi kupokea maji ya kuoshea sahani za chakula cha mchana. Litafurika, na likifurika litafurika barabarani, mbele ya wateja wako na mbele ya bwana afya. Pata fundi alifungue, apime, aandike ripoti. Weka mtego wa mafuta baina ya sinki na tenki, mkubwa wa kutosha, mahali unapofikika kusafishwa, na uandike nani ataumwaga na mara ngapi. Mafuta yakimwagwa ndani ya bomba huganda na kuziba, na kuzibua ni ghali kuliko mtego. Maji safi nayo ni swali. Mombasa huletewa maji kutoka mbali, Mzima na Baricho, na mifereji hukauka siku nyingi. Mkahawa usio na akiba ya maji hauwezi kuwa safi, hata mwenye nao akiwa mtu safi namna gani. Onesha tenki, ujazo wake, na mahali litakapokaa bila kulilemea paa la zamani.

Ya bwana afya mengi mnayajua: kuta zinazooshika, sinki la kunawia mikono lililo mbali na la vyombo, ghala la chakula lisiloingia panya, choo cha wateja na cha wafanyakazi, vyeti vya afya vya wapishi na wahudumu vinavyohuishwa kila miezi sita. Nasisitiza tu kwamba afisa huyo mumwite mapema, mchoro ukiwa bado wa penseli. Kuhamisha sinki kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Kulihamisha baada ya vigae kugongwa ni kazi ya wiki.

Kelele na saa. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinahesabu usiku kuwa unaanza baada ya saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa usiku ni cha chini mno ukilinganisha na mchana, hata katika eneo la biashara. Mikahawa mingi hupata pesa zake baada ya saa hiyo. Kwa hiyo usiandike saa za kazi kwa kubahatisha. Andika saa za kupika, saa za kupokea mizigo, saa ya mwisho ya mteja, na kama una spika, andika ziko ndani na milango inafungwa. Mwisho wa mwaka 2022 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba haitaruhusu tena vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wakaazi. Baadhi ya sehemu hizo zilianza zikiwa mikahawa ya kawaida, muziki ukaongezeka kidogo kidogo. Kaunti nyingine ziliona, na maafisa wa mipango sasa husoma ombi la mkahawa wakijiuliza litakuwa nini baada ya mwaka. Ukiwajibu kabla hawajauliza, unajisaidia.

Kuhusu vileo, sheria ya mwaka 2010 inataka mahali pa kuuzia pawe angalau mita 300 kutoka shule au taasisi yoyote ya wanafunzi walio chini ya miaka 18, na kaunti zina sheria zao juu ya hiyo. Kisiwani, kupata mahali palipo mbali hivyo na shule zote si rahisi. Pima kabla ya kupanga menyu. Na usiruhusu ombi la vileo lichanganyike na la chakula ikiwa huna haja navyo. Mkahawa usiouza pombe useme hivyo waziwazi, maana majirani wengi wanapopinga mkahawa huwa wanapinga baa wanayoiogopa.

Ramadhani nayo iandikwe. Mji huu mwezi huo hugeuza mchana kuwa usiku: unafunga mlango adhuhuri, unauza futari, unaendelea hadi daku. Saa ulizopewa kwa mwezi wa kawaida hazitakutosha. Ombea saa za Ramadhani ndani ya ombi lile lile. Majirani wanaofunga watakuelewa, na wasiofunga watajua ni mwezi mmoja.

Magari sitayasemea sana. Barabara za kisiwani mnazijua. Onesha tu gari la mizigo litashusha wapi na saa ngapi, tuktuk na bodaboda za kupeleka chakula zitasubiri wapi, na taka zitakaa wapi kabla ya kuchukuliwa, kwa kuwa taka za chakula kwenye joto letu hazingoji kesho.

Kuhusu moto, msingoje kuambiwa. Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, kituo cha kujazia mitungi ya gesi kililipuka usiku katikati ya makazi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, na kilichofuata yalikuwa maswali juu ya nani aliruhusu shughuli ile iwe pale. Mkahawa si kituo cha gesi, lakini mkahawa wa majiko sita una mitungi, na duka la zamani kwa kawaida lina mlango mmoja tu wa mbele. Mitungi ikae nje, penye hewa, na mrija uingie ndani kwa bomba la chuma. Mlango wa pili wa kutokea utafutwe, hata ikibidi kupoteza meza mbili. Nyaya za umeme za duka la vitambaa hazikufungwa kwa ajili ya friji nne na tanuri. Ningependa tusisubiri msiba wetu wenyewe ndipo tuyaone haya kuwa ya maana.

Sheria inamtaka mwombaji autangazie umma, na wananchi wana siku 14 kuleta pingamizi. Tangazo hubandikwa kwenye jengo na kuchapishwa gazetini, kwa lugha ya kisheria isiyomweleza mtu chochote. Jirani anaposoma kwamba jengo la pili yake linabadilishwa matumizi, na hajawahi kukuona uso, atapinga, na mimi simlaumu. Nenda kwake kabla ya karatasi kufika. Nenda kwa anayekaa juu, kwa mwenye duka la pembeni, kwa imamu ikiwa msikiti uko karibu, kwa mwalimu mkuu ikiwa ni shule, kwa mzee wa mtaa. Chukua mchoro, uoneshe bomba la moshi linapopita. Usimwambie hapatakuwa na shida. Mwambie utafunga saa ngapi, atapiga simu ya nani harufu ikimzidi, taka zitatolewa lini. Kisha sikiliza. Anayekaa pale miaka 30 atakueleza maji ya mvua hutuama wapi, jambo ambalo mchoraji wako hajui. Akikubali, mwombe aandike barua fupi uiambatishe. Akiwa na masharti ya haki, yaingize kwenye ombi lako mwenyewe, kaunti iyaone yametoka kwako.

Na kama msomaji wangu ndiye jirani, haki yako nawe itumie vizuri. Pingamizi linalosema hatutaki hoteli hapa lina uzito mdogo. Linaloonesha dirisha la chumba cha watoto liko umbali gani kutoka kwenye bomba lililochorwa, au kwamba tenki la jengo lile lilifurika mvua zilizopita, hilo afisa hawezi kulipita.

Walio Mji wa Kale wana hatua zaidi. Eneo lile ni la hifadhi, na chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana sauti juu ya kinachofanywa kwenye majengo yake. Milango iliyonakshiwa, baraza za mbao, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, havitobolewi kwa ajili ya bomba la feni. Ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale ifikiwe kabla ya mchoraji kuchora. Wao wanajua majengo, na mara nyingi huweza kukuonesha uwazi wa ndani au ua wa nyuma unaoweza kubeba jiko bila kuumiza sura ya nyumba. Usipake saruji juu ya kuta zile. Saruji hufungia unyevu ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Hata rangi na bango ulizie: mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe yenye mistari ya buluu na matangazo yaliyochorwa kwenye kuta yafutwe. Naiona hatua ile ilikuwa nzuri kwa mji, na anayeingia leo na rangi nyekundu ya kampuni ya soda kwenye ukuta mzima anajitafutia barua.

Kwa ndugu zetu walio Uingereza, wanaoniuliza kama mambo ni hivi pia huko: England yenyewe, mbali na Scotland na Wales, ilibadilisha utaratibu tarehe 1 Septemba 2020. Duka, ofisi na mkahawa wa kukaa na kula sasa viko katika kundi moja la matumizi, kundi E, na kuhama kutoka kimoja hadi kingine hakuhesabiwi kuwa ni kubadili matumizi. Lakini sehemu ya kuuza chakula moto cha kuchukua na kuondoka iko nje ya kundi hilo na inahitaji ombi kamili, na London inazuia mpya zisiwe ndani ya mita 400 za kutembea kutoka shule. Bomba la moshi la nje nalo huwa ni ombi lake. Kwa hiyo ukichukua duka ukauza pilau kwa wateja wanaokaa, unaweza kuwa salama; biashara ikihamia kwenye mifuko ya kubeba, umeingia kwingine. Ruhusa ya zamani ya jengo pia inaweza kuwa na sharti linalozuia yote haya, basi isome kwanza.

Turudi nyumbani. Ombi liandaliwe na mpangaji wa miji aliyesajiliwa. Ulizia nambari yake ya usajili, usitumie wakala wa mlangoni. Likishapokewa, kaunti huzipelekea idara na mamlaka nyingine nakala ndani ya siku saba, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa ichukuliwe kuwa imetolewa. Kipengele hiki kinapendwa na wengi, na nawasihi msikitegemee peke yake. Kimya hakina muhuri. Askari wa kaunti hatakielewa, benki haitakielewa. Tunza nakala zilizogongwa tarehe ya kupokewa, na siku 60 zikipita andika barua ukitaja kipengele chenyewe na uombe uthibitisho. Barua hiyo mara nyingi ndiyo inayoamsha faili.

Ruhusa ikitoka itakuja na masharti. Yasome yote, kisha yaandike kwa Kiswahili chepesi na uyabandike jikoni wapishi wako wayaone. Ukiyavunja, kaunti inaweza kukuletea notisi ya kukutaka urekebishe au usimamishe. Na usimlipe mtu chai ili afumbe macho. Anayefumba leo atarudi mwezi ujao, na mwenzake atakuja naye, na siku wote wawili wakihamishwa utabaki na jiko lisilo na karatasi.

Wakikukataa, sheria inawataka wakupe sababu kwa maandishi. Una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, nayo ina siku 14 kuamua. Baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini kabla ya kukimbilia rufaa zisome sababu zile pamoja na mpangaji wako. Ikiwa ni bomba, mtego wa mafuta au saa za kufunga, rekebisha mchoro na uombe upya. Utafika mbele haraka kuliko kwa kubishana. Ikiwa ni matumizi yenyewe, kwamba eneo lile halikupangiwa chakula kabisa, rufaa iwe na hoja, si malalamiko: barua za majirani, ripoti ya tenki, picha za mikahawa yenye ruhusa katika barabara hiyo hiyo, na mpango wa eneo wenyewe. Na siku zile 14 hesabu tangu tarehe iliyo kwenye barua, usihesabu tangu siku ulipoifungua.